Betri ya Motokaa Nyumbani, na Namna ya Kuiunga na Redio Ndogo bila Hatari



Katika nyumba nyingi ambazo nguzo za umeme hazijazifikia, betri ya motokaa imekuwa kama mtu wa nyumbani. Imewekwa pembeni mwa chumba, nayo yaendesha redio, yawasha taa moja au mbili, tena yatia nguvu simu za jamaa na jirani. Sababu yake yafahamika. Mawe ya redio, yaani betri kavu, huisha upesi, na yakiisha hutupwa. Bali betri ya motokaa ikiisha huchajiwa tena, na watu wa nyumba wakaendelea kusikia habari na vipindi vya shule. Walimu wengi wameniuliza jinsi ya kuiunga redio ndogo na betri hiyo kubwa. Wengine hawakuuliza, wakaunga tu. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya hao na hao.

Tuanze na betri yenyewe. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba kina mabamba ya risasi, maana yangu ni yale madini mazito ya kijivu, yaliyozamishwa katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, nacho hutoa volti 2 na kidogo zaidi. Vyumba sita vikiungwa kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine, hupatikana volti 12.6 hivi, betri ikiwa imejaa na kupumzika. Aliyetengeneza kwanza betri ya namna hii ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, wala asili yake haijageuka sana tangu siku hizo. Kazi iliyokusudiwa katika motokaa ni moja: kutoa nguvu nyingi mno kwa muda mfupi mno, ili injini iwake. Neno hili tulishike, maana humo ndimo umo wema wake na ubaya wake.

Sasa, watu huogopa lisilo la kuogopwa, na la kuogopwa hawaliogopi. Nimewasikia wakisema, "Redio yangu yataka ampea chache sana, na betri hii yaweza kutoa ampea mia kadha, si itaiunguza redio mara moja?" La, haiiunguzi kwa sababu hiyo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, na kifaa hujichukulia kadiri ya haja yake. Ghala likiwa na magunia mia ya mahindi, halimlazimishi mama kupika magunia mia; yeye atateka kibaba chake na kwenda zake. Kinachosukuma ni volti. Redio iliyofanywa kwa volti 6 ikipewa volti 6, haijali kwamba nyuma yake mna betri ya motokaa au mawe manne ya dukani. Lakini ikipewa volti 12, hiyo ni nguvu ya kusukuma maradufu ya ile iliyopimiwa, na vitu vidogo vilivyomo ndani yake vitaungua, pengine kwa dakika moja, pengine polepole kwa juma zima, hata mwenyewe asijue kilichoiua.

Na la kuogopwa ni lipi? Ni ule wingi wenyewe, wakati umeme unapopata njia isiyo na kizuizi. Mtu akigusa vichwa viwili vya betri kwa mikono mikavu hasikii kitu, kwa sababu volti 12 haziwezi kuipenya ngozi kavu kwa nguvu ya kumwumiza. Kwa hiyo hudhani kwamba betri ni mnyama mpole. Ajaribu basi kuangusha spana juu ya vichwa hivyo viwili! Upinzani wa ndani wa betri nzuri ni mdogo mno, yapata sehemu moja katika mia ya omu, au hata chini ya hapo. Gawanya volti 12.6 kwa kiasi hicho, utaona ampea zaidi ya 1,000. Chuma hutoa cheche, huyeyuka pembeni, na pengine hugandamana na betri kama kilicholehemiwa. Aliyevaa pete ya dhahabu au ya shaba, pete ikigusa spana upande mmoja na chuma kingine upande wa pili, hupata jeraha la moto lizungukalo kidole chote. Ndiyo maana mafundi wenye akili huvua pete na saa kabla ya kushika betri.

Waya mwembamba nao una hatari yake, tena iliyo kubwa zaidi nyumbani, kwa kuwa hauonekani. Tuseme umevuta waya wa nyuzi mbili, ule mwembamba wa kipaza sauti, mita moja kutoka kwenye betri hata mezani penye redio. Waya huo ulifanywa kuchukua ampea 3 hivi. Siku moja panya akala mpira wake, au mguu wa kitanda ukaukalia, nyuzi mbili zikagusana. Upinzani wa waya huo, kwenda na kurudi, hauzidi sana sehemu saba katika mia ya omu. Ampea zaidi ya 100 zitapita humo, nao utatoa joto la wati zaidi ya 1,500, sawa na jiko kubwa la umeme lililowashwa likafichwa chini ya mkeka. Kwa nukta chache mpira wayeyuka na kuwaka, na shaba yawa nyekundu.

Mwalimu mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa na betri chini ya kitanda cha wanawe. Aliiweka huko isionekane na wezi. Nyaya zilipita kati ya mguu wa kitanda na ukuta, na kila watoto walipopanda na kushuka, kitanda kilisogea kidogo na kuzikwaruza. Usiku mmoja mkewe aliamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Akakurupuka, akawavuta watoto nje, na mumewe akaikata waya kwa panga. Godoro liliteketea nusu. Nyumba ile ilikuwa ya makuti. Kama mama angelala usingizi mzito usiku ule, hatujui tungezika wangapi. Betri yenyewe haikudhurika hata kidogo, na asubuhi redio ililia kama kawaida, jambo lililowashangaza wote. Lakini ndivyo ilivyo: penye kugusana kwa nyaya redio haipatwi na neno, bali nyumba.

Dawa ya hatari hiyo ni fyuzi, kitu cha bei ndogo kuliko vyote vitakavyotajwa katika makala hii. Fyuzi ni uzi mwembamba ndani ya kichupa cha kioo, au ndani ya plastiki yenye rangi kama zile za motokaa, uliokusudiwa kuyeyuka kabla ya waya kupata joto. Ila lazima ikae mahali pake. Wengi huiweka karibu na redio, wakidhani kazi yake ni kuilinda redio. Haikufanywa kwa ajili hiyo hasa. Fyuzi hulinda waya, na waya waanza kwenye betri. Basi fyuzi nayo iwe pale pale kwenye kichwa cha chanya, chenye alama ya +, isiwe mbali nacho zaidi ya upana wa kiganja. Ikiwa fyuzi iko upande wa redio, na nyaya zikagusana katikati ya njia, umeme hautaipitia fyuzi kamwe. Utarudi betrini kwa njia ya mkato, na fyuzi itabaki nzima huku nyumba ikiwaka.

Kwa redio ndogo fyuzi ya ampea 1 yatosha na kuzidi. Kwa chaja ya simu, ampea 2. Kila waya utokao betrini uwe na fyuzi yake. Na fyuzi ikikatika, tafuta kwanza kilichoikata, ndipo utie nyingine ya kadiri ile ile. Nimekuta nyumba ambamo fyuzi iliyokatika ilifungwa karatasi ya fedha ya sigara, na nyingine ambamo palitiwa msumari. Mwenye msumari alinieleza kwa furaha kwamba tangu autie, haikukatika tena!

Tufike sasa kwenye redio. Geuza redio yako, utazame nyuma au ndani ya kifuniko cha mawe. Mara nyingi pameandikwa volti zake. Na kama maandishi yamefutika, hesabu mawe yaliyo katika mfuatano, kila moja kwa volti 1 na nusu. Mawe mawili ni volti 3, matatu ni 4 na nusu, manne ni 6, sita ni 9. Redio nyingi kubwa kidogo za vijijini zatumia mawe manne makubwa. Kwa hiyo tutaichukua redio ya volti 6 iwe mfano wetu, na swali letu ni hili: tutazishushaje volti 12 ziwe 6?

Njia ya kwanza ambayo vijana hufundishana ni kutia rezista katika waya, yaani kizuizi cha umeme. Hesabu yake yavutia. Redio yachukua sehemu moja ya kumi ya ampea. Twataka kupoteza volti 6.6, gawanya, utapata omu 66. Wanaitia, redio inalia vizuri, na kila mtu anasifu. Kosa la hesabu hiyo ni kwamba redio haichukui umeme wa kiasi kimoja siku zote. Sauti ikiwa kubwa huchukua mwingi, ikiwa ndogo huchukua kidogo, labda sehemu mbili tu katika mia ya ampea. Na rezista hupoteza volti kwa kadiri ya umeme unaopita. Basi sauti ikipunguzwa, rezista yapoteza volti 1.3 tu, na redio yabaki ikibeba karibu volti 11. Hivyo usiku, baba anapopunguza sauti ili watoto walale, ndipo redio inapouawa. Rezista yafaa kwa kitaa kidogo kisichobadilika. Kwa redio haifai.

Njia ya pili ni ya wazee. Betri za zamani zilikuwa na viungo vya risasi vilivyoonekana juu, kutoka chumba hata chumba, na mtu aliweza kugongomea msumari kwenye kiungo cha kati akapata volti 6 kutoka vyumba vitatu. Betri za siku hizi zimefunikwa juu kote, na wengine hutoboa kifuniko ili wavifikie viungo. Wasifanye hivyo. Cheche moja karibu na tundu lile, na gesi ya betri ikiwapo, ni mlipuko wa tindikali usoni. Tena hata pasipo mlipuko, vyumba vitatu hufanya kazi na vitatu hukaa bure. Wakati wa kuchaji, vile vilivyochoka havijazwi sawasawa na vile vilivyojaa huchemka. Betri huharibika nusu, na betri iliyoharibika nusu ni mbovu yote. Lawama ni ile ile kwa wenye betri mbili za lori zilizoungwa kuwa volti 24, kisha wakaitumikisha moja tu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoisifu. Yako madude madogo meusi yenye miguu mitatu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, yaitwayo regyuleta. Kazi yake ni kupokea volti zinazopanda na kushuka na kutoa volti za namna moja daima. Ile iandikwayo 7806 hutoa volti 6. 7805 hutoa 5. 7809 hutoa 9. Fundi yeyote wa redio mjini anazo, na mara nyingi huzing'oa katika vyombo vilivyokufa akaziuza kwa fedha kidogo. Ukiitazama kwa upande wenye maandishi, miguu ikielekea chini, mguu wa kushoto ni wa kuingilia umeme kutoka chanya ya betri, baada ya fyuzi. Mguu wa katikati ni wa hasi, nao huungwa na hasi ya betri na hasi ya redio pia. Mguu wa kulia ni wa kutolea, huenda kwenye chanya ya redio. Karibu sana na miguu, fundi hutia kapasita mbili ndogo, moja ya sehemu 0.33 ya maikrofaradi upande wa kuingilia na moja ya 0.1 upande wa kutolea, zote zikiungwa na hasi, ili regyuleta isitetemeke na kuleta mlio katika redio. Asiyejua kulehemu ampe fundi. Ni kazi ya nusu saa.

Regyuleta hugeuza volti zilizozidi kuwa joto. Redio ikichukua sehemu mbili za kumi za ampea, joto hilo ni wati 1.3 hivi, si kubwa, walakini latosha kumchoma mtoto kidole. Kwa hiyo ifungwe kwa skrubu kwenye kipande cha bati la aluminiamu, upana wa nusu ya kiganja, kisha iwekwe ndani ya kisanduku chenye matundu. Bati hilo limeungana na mguu wa katikati; lisiguse kamwe waya wa chanya.

Wako wasiotaka kulehemu, nao hununua adapta iliyotengenezwa tayari, ile ya kuchomekwa katika tundu la kiberiti cha motokaa, yenye kitufe cha kuchagua volti 3, 4 na nusu, 6, 9 na 12. Ni kitu kizuri, bali kitufe hicho ni adui. Mtoto hukisogeza akicheza, na jioni redio hukutana na volti 12. Ukiisha kuchagua, funga kitufe kwa tepu ya umeme, na kabla ya kuchomeka upime kwa mita. Adapta nyingine kadiri zilivyo rahisi hudanganya: zaandika 6 na kutoa 9.

Kuna jambo la chanya na hasi. Ukigeuza nyaya, redio yaweza kufa kabla hujasikia hata mkwaruzo. Tundu dogo la redio la kuingizia umeme wa nje lina alama ya duara na nukta katikati, ikionyesha kama katikati ni chanya au ni hasi. Wala redio zote hazikubaliani, hasa zile za zamani kutoka Japani, nyingi zikiwa na hasi katikati. Usikisie. Tena, ikiwa umeziunga nyaya moja kwa moja kwenye vibati vya mawe, toa mawe yote kwanza. Ukiyaacha humo, umeme wa betri kubwa utaingia ndani yake, nayo si ya kuchajiwa. Hupasuka na kutoa maji yalayo chuma.

Kwa simu ya mkononi, regyuleta ya miguu mitatu haifai sana. Simu yataka volti 5 na ampea 1 au 2, na katika ampea 1 tu joto litakalotupwa bure ni wati zaidi ya 7. Tumia chaja ya motokaa yenye tundu la kawaida la simu. Hiyo hukatakata umeme kwa werevu na kupoteza sehemu ndogo tu. Bali kuiunga betri ya simu yenyewe, iliyotolewa ndani ya simu, na betri ya motokaa kwa nyaya mbili, kama nilivyoona kijana mmoja akifanya sokoni, ni kuita moto kwa jina lake. Betri ya lithiamu ikipita volti 4.2 haina uvumilivu. Na mashine ya kugeuza volti 12 kuwa 230, waiitayo inveta, mimi siipendi kwa kazi hizi ndogo: yenyewe hula umeme hata pasipo kitu kilichochomekwa, kisha yaleta nyumbani volti zinazoua.

Mahali pa kuweka betri pachaguliwe. Inapochajiwa, betri hutoa gesi ya hidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, nayo ikifika sehemu nne katika mia za hewa yaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Basi isikae chumbani mwa kulala, wala karibu na mafiga, wala chini ya kibatari. Ukumbi wenye upepo, juu ya ubao, ndani ya sanduku lenye matundu na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, ndipo mahali pake. Usiwashe kiberiti ili utazame kama maji yamepungua! Yakipungua, katika betri za kuongezwa maji, ongeza maji yaliyosafishwa kwa mvuke yauzwayo madukani, usiongeze tindikali. Maana kinachokauka ni maji, tindikali hubaki. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi, usiache kwa muda wa robo saa nzima, kisha uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Nguo iliyorukiwa huonekana nzima leo, na ikifuliwa hutoboka.

Wakati wa kuunga, unga kwanza redio na regyuleta, kisha hasi, kisha chanya mwisho na fyuzi yake. Lakini kama betri imo ndani ya motokaa, hasi ndiyo hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, kwa kuwa mwili wote wa gari ni hasi, na spana ya chanya ikiugusa hutoa cheche zile nilizozieleza. Katika gari pia pana hatari ya volti kupanda: injini ikiunguruma, betri hupokea volti 14 na zaidi kidogo, na kama kiungo cha betri kikichomoka wakati huo, volti hurukia makumi kwa nukta moja. Chomoa redio wakati wa kuwasha injini. Wala usiiendeshe usiku kucha kwa betri ya gari litegemewalo kupeleka wagonjwa. Asubuhi mama mwenye uchungu hatasaidiwa na habari za redio.

Wenye paneli za jua wanayo hatari kama hiyo, nayo haijulikani sana. Paneli iitwayo ya volti 12, isipounganishwa na kitu, hutoa volti 21 hivi jua likiwa kali. Betri ndiyo inayoishika isipande. Kibano cha betri kikianguka, na redio ya volti 12 au taa imeungwa kwenye nyaya zile zile, hupokea volti zote za paneli. Kwa hiyo iwepo kidhibiti cha chaji kati ya paneli na betri, na vifaa viungwe kwenye tundu lake la kutolea. Unapofunga, betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli kwanza.

Na betri yatadumu siku ngapi? Tuchukue betri ya ampea-saa 50. Betri ya motokaa haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo tuna 25 za kutumia. Redio ichukuayo sehemu moja ya kumi ya ampea, kwa saa nne kila jioni, hula ampea-saa 0.4. Kwa hesabu ni siku 60 na mbili. Lakini betri hujipunguza yenyewe hata ikikaa bure, na iliyoachwa nusu tupu hufanya ukoko mweupe juu ya mabamba yake usiotoka tena. Basi ichajiwe kila mwezi. Mawe yakichoka, redio huanza kukoroma, nawe ukajua. Regyuleta haikuonyi hivyo: itaendelea kutoa volti 6 safi mpaka betri imeshuka karibu na 8, yaani imekwisha kuharibika. Nunua mita ya bei ndogo, upime kila juma, betri ikiwa imepumzika saa chache: 12.6 imejaa, 12.2 imefika nusu, 12.0 acha kuitumia, 11.8 umechelewa.

Ukiipeleka mjini kuchajiwa, isimame wima njiani, vichwa vyake vimefunikwa kwa mpira, wala isipakatwe na abiria wa pikipiki. Nimeona mapaja ya mtu aliyeipakata. Tena mwenye kuchaji akikurudishia baada ya saa moja na kusema imejaa, usimlipe bado. Betri ya 50 iliyofika nusu, ikipewa ampea 5, yataka saa tano na zaidi. Hakuna njia ya mkato isiyoichemsha.

Mwisho wake betri hufa, baada ya miaka michache. Hapo wengine huipasua watoe risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Risasi ni sumu ya polepole, na watoto ndio huumia kwanza, kwa kuwa vumbi lake laingia kwa mikono hata kinywani na kudhoofisha ubongo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watu walipepeta udongo wa mahali palipopasuliwa betri kuukuu, na watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru majirani zake, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Iliyokufa basi usiifungue, wala usimwage tindikali yake shambani. Ipeleke nzima, na maji yake ndani, kwa muuzaji wa betri mpya. Wengi wao huipokea kwa uzito, na kukupunguzia kitu katika bei ya ile unayonunua.